Zawadi kwa Mtoto Anayeota Kubuni Bustani za Burudani

Anza na karatasi kubwa za miraba, penseli na rula, kwa kuwa bustani ya burudani huanzia kwenye mchoro: msanii Herb Ryman alichora mandhari ya Disneyland, bustani ya burudani ya Marekani, katika mwisho mmoja wa juma, Septemba 1953, na mchoro huo ukatumika kutafutia fedha za ujenzi kabla bustani haijafunguliwa mwaka 1955.

Hata hivyo, zawadi ninayoipenda kuliko zote ni gololi, gundi, mkasi na maboksi matupu. Mwache mtoto akate maboksi kuwa mifereji yenye vilima, kisha aachilie gololi kutoka juu. Atagundua mwenyewe kwamba kilima cha pili kikilingana kwa urefu na cha kwanza, gololi hushindwa kukivuka na kurudi nyuma, kwa sababu msuguano umekwisha kula sehemu ya nguvu yake. Wahandisi wa vigari vya reli vya burudani hufuata kanuni hiyo hiyo. Gololi zisifikiwe na watoto wa chini ya miaka 3, maana huweza kuwakaba.

Ukinunua seti ya LEGO, chagua yenye vipande huru, si ile inayojenga umbo moja tu.