SOMO: Namna ya kusoma karatasi ya PD-L1 ya kansa ya mapafu

Jambo wote. Wiki hii peke yake nimeletewa picha nne za karatasi za majibu ya labo na swali moja: "Mukubwa, PD-L1 asilimia 60, ni mbaya?" Naandika mara moja, nisiulizwe tena. Mimi ni fundi wa labo ya patolojia hapa Lubumbashi. Mambo ya dawa muulize munganga wako.

1. Kwanza TB iangaliwe. Kivuli pafuni si kansa mpaka biopsi iseme hivyo.

2. Kinyama cha biopsi kiingie kwenye formoli (maji ya kuhifadhi nyama isioze) palepale, kikae saa 6 hadi 72.

3. Soma aina ya kansa. Ninayoeleza hapa ni ile isiyo ya seli ndogo.

4. Jua kinachopimwa. PD-L1 ni protini inayokaa juu ya utando wa seli. Seli T, askari wa kinga, ina kipokezi kiitwacho PD-1. Vikigusana, askari anapoa. (Kipokezi hicho kiligunduliwa na kundi la Tasuku Honjo kule Kyoto, mwaka 1992.) Na nani anaiambia kansa itoe PD-L1? Mara nyingi ni intaferoni gama, saitokini (protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli) inayomwagwa na seli T zenyewe zikiwa vitani. Askari anapiga firimbi, mwizi anaisikia na kukomea mlango. Kuna uvimbe mwingine hutoa PD-L1 bila kuambiwa na mtu, kwa sababu ya jeni zake zilizoharibika. Kwa hiyo asilimia 60 haimaanishi kansa imekula asilimia 60 ya pafu. Maana yake, katika kila seli 100 za kansa, 60 zimevaa ile protini.

5. Kuhesabu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa mgeni kazini, nikaona rangi ya kahawia, alama ya PD-L1, kioo kizima cha hadubini, nikaandika 70. Mkubwa wangu akainama kwenye hadubini, akaniuliza: "Na hizi zenye vumbi jeusi tumboni, nazo ni kansa?" Zilikuwa makrofaji, wafagiaji wa pafu, wamejaa masizi kama mtu aliyepika miaka yote kwenye mbabula (jiko la makaa). Nazo huvaa PD-L1! Tulipohesabu upya hatukufika 10. Mpaka unaotumika mara nyingi kumwanzishia mgonjwa pembrolizumab peke yake (dawa inayoziba PD-1, askari asipoe) ni 50. Namshukuru Mungu karatasi ilikuwa haijatoka.
Basi shika haya: hesabu seli za kansa zilizo hai tu, na ziwe angalau 100. Rangi iwe kwenye utando, hata ikiwa hafifu, hata ikiwa upande mmoja. Iliyo ndani ya seli haihesabiwi. Nyama iliyooza ruka. Weka pembeni kioo cha nyama hiyohiyo chenye rangi ya kawaida, ujue nani ni nani. Kipande cha tonsili, kile cha kulinganishia, kisipochukua rangi, usisome chochote siku hiyo.

6. Usisome PD-L1 bila EGFR na ALK, jeni mbili za kansa zinazopimwa pia. Kansa yenye hitilafu ya EGFR mara nyingi haisikii dawa hizi, hata PD-L1 ikiwa juu.

MASWALI

Mwana-Katuba: Mukubwa, ya papa yangu ni 80. Ni mbaya?
— Hatua ya 4.

Mwana-Katuba: Nimeisoma haraka.
— Isome polepole.

Mama wa Kenya: Ya kaka yangu ni 0. Ndiyo mwisho?
— Hapana, mama. Dawa hizo hutolewa pia pamoja na kemo, hata kwa wenye 0. Peleka swali hilo kwa munganga wake.

Mwanafunzi wa udaktari: Yaya, kwa nini tusipime saitokini kwenye damu, mfano IL-6? Ni rahisi kuliko biopsi.
— Swali zuri. IL-6 hupanda kwa malaria, kwa TB, kwa jipu la mguu. Ndani ya uvimbe inawasha STAT3 (swichi ndani ya seli), seli zinakua na kukataa kufa, ila damu haikuambii imetoka wapi. Utafute jaribio la CANTOS, 2017: watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, wakapewa canakinumab, dawa ya kuzuia IL-1 beta, saitokini inayochochea IL-6. Kansa ya mapafu ikapungua, hasa kwa waliopewa dozi kubwa. Ikajaribiwa baadaye kwa wenye kansa tayari, haikufikia lengo. Kuficha kiberiti ni kazi moja, kuzima nyumba inayowaka ni nyingine.

Mwanafunzi wa udaktari: Nimeelewa. Na TB uliitaja hatua ya 1 kwa utambuzi tu?
— Si hilo tu. Kuachia breki ya PD-1 kumewahi kuamsha TB iliyolala. Itafutwe kabla ya dawa.

Fundi mwenzenu: Sisi tunatuma vioo vilivyokatwa, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Majibu yanarudi hafifu.
— Kioo kikikaa muda mrefu, PD-L1 inafifia. Tuma bloku ya parafini (nyama ikiwa ndani ya nta), wakate wenyewe. Namba iandike kwa penseli, na mwambie dereva asiiweke bloku mbele, kwenye jua la kioo cha gari.