SOMO: Chanjo za wazee wa miaka 60 na kuendelea, hatua kwa hatua

Swali la "mzee wangu achanjwe nini?" linarudi kila wiki, na majibu yake yametawanyika. Haya hapa yote. Hatua ya 4 isome mpaka mwisho.

1. Andika umri, magonjwa, mzio na dawa zote anazomeza. Karatasi hiyo iende naye.

2. Pepopunda: Td (chanjo ya pepopunda na dondakoo) moja kila miaka 10. Asiyewahi kuchanjwa anapata tatu: leo, baada ya wiki 4, kisha miezi 6 hadi 12 baadaye. Wanaume wazee ndio husahaulika, maana chanjo hii iliwafuata zaidi wajawazito.

3. Mafua makali: sindano moja kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika. Kinga hukamilika baada ya wiki 2 hivi.

4. Nimonia. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Chanjo ziko za aina mbili, PCV na PPSV23, na zote huitwa "ya nimonia" pale dirishani. PCV hutangulia, iwe PCV13 au PCV20 (namba ni idadi ya aina za bakteria inazokinga). Akipata PCV20, amemaliza. Akipata PCV13, anafuatia PPSV23 baada ya mwaka mmoja. Mwenye kinga dhaifu, kwa mfano figo zilizofeli, baada ya wiki 8. Akianza na PPSV23, asubiri mwaka mzima ndipo apate PCV.
ONYO: usikubali kuandikiwa "chanjo ya nimonia" tu kwenye kadi. Mtoto mmoja anampeleka mzee hospitali hii, mwingine anampeleka ile, na mzee anachomwa PPSV23 mara mbili ndani ya muda mfupi. Mkono unavimba, unauma siku kadhaa, na faida ni ndogo. Iandikwe jina kamili, namba ya toleo na tarehe. Piga picha kisanduku kabla hakijatupwa.

5. Homa ya ini B: pima kwanza. Akiwa hana, dozi tatu: leo, mwezi wa 1, mwezi wa 6.

6. Mkanda wa jeshi: Shingrix, kuanzia miaka 50, dozi mbili zikipishana miezi 2 hadi 6. Aliyewahi kuugua naye anachanjwa, vipele vikishapona.

7. Akishachomwa akae hapo hapo dakika 15.

MASWALI

Mwana wa Mkwajuni: Mkuu, baba achome ipi? Nijibu haraka.
— Miaka mingapi? Ana ugonjwa gani? Anameza dawa gani? Hatua ya 1.

Bi Shangazi: Kwa nini PCV itangulie?
— Swali zuri sana, bibie. PPSV23 ni sukari tupu ya ganda la bakteria. Mwili hutengeneza kingamwili, lakini seli za kumbukumbu hazijengeki vizuri. Kwenye PCV sukari hiyo imefungwa kwenye protini, kwa hiyo kumbukumbu hujengeka. Ukianza na PPSV23, mwili huitikia PCV kwa unyonge.

Kijana wa Likoni: Chanjo ya mafua ilimpa mama mafua. Mnatudanganya.
— Hakuna anayekudanganya. Ile ya sindano haina virusi hai, haiwezi kumwambukiza. Homa ya siku moja au mbili ni mwili unaitikia. Mafua ya wiki nzima ameyapata kwingine, pengine kabla kinga haijakamilika.

Mjukuu: Babu alipata mbili za homa ya ini mwaka 2019, ya tatu hakurudi. Aanze upya?
— Hapana. Aendelee na ya tatu. Kuchelewa hakufuti dozi zilizopita.

Bi Shangazi: Na anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda?
— Amwambie nesi mapema. Sindano iwe nyembamba, kisha pamba ibanwe dakika 2 bila kusugua.

Msafiri: Mama ana miaka 67. Wakala wa safari anasema kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano ya 2009 imekwisha.
— Haijaisha. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, na za zamani zimo. Asichomwe tena kwa ajili ya wakala. Mwenye miaka 60 na zaidi anayepata chanjo hiyo kwa mara ya kwanza ndiye amwone daktari kabla, maana madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wa umri huo.

Mjukuu: Nikinunua famasi nikaipeleka kliniki mwenyewe?
— Afadhali uchomewe inapohifadhiwa. Ikibidi, tumia kibebeo chenye nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kisigusane na barafu. Td, homa ya ini B na PCV zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima.