Sarafu Yako ni ya Madini Gani? Ipime Bila Kuikwaruza

Rangi inadanganya. Senti 50 ya euro inang'aa kama dhahabu, kumbe ni shaba 89% iliyochanganywa na aluminiamu, zinki na bati. Mimi hupima sarafu kuukuu kwa sumaku, mizani inayosoma hadi 0.01 g, kikombe chepesi cha maji na uzi mwembamba.

Hatua ya 1: Iache ilivyo. Tafadhali usiisugue, usiitie ndimu wala asidi. Ule weusi wa miaka mingi ukishaondoka haurudi, na thamani hushuka nao.

Hatua ya 2: Sumaku. Ikinasa, kuna chuma au nikeli nyingi ndani. Peni moja ya Uingereza ya zamani hainasi. Zile za chuma kilichovikwa shaba, zilizoanza 1992, hunasa. Lakini mchanganyiko wa shaba 75% na nikeli 25% haunasi kabisa, kwa hiyo sarafu nyeupe isiyonasa bado hujajua kama ni fedha.

Hatua ya 3: Uzito mkavu. Senti za Marekani za 1982 ziko za aina mbili: ya shaba ina 3.11 g, ya zinki 2.5 g. Mwaka ni uleule, mizani ndiyo inayozitenga.

Hatua ya 4: Maji. Hapa ndipo penye jibu, usiharakishe. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote huku umeushika uzi. Isiguse chini wala pembeni, na isiwe na mapovu. Gawanya uzito mkavu kwa gramu unazosoma sasa, unapata densiti, yaani gramu ngapi katika kila sentimita moja ya ujazo.

Nusu krauni, sarafu ya zamani ya Uingereza, ina 14.14 g, iwe ya fedha au ya shaba na nikeli. Majini ukisoma 1.36, densiti ni 10.4: fedha 92.5%. Ukisoma 1.58, ni 8.95: shaba na nikeli. Sarafu ikiwa ndogo, kosa la 0.02 tu huharibu hesabu, kwa hiyo rudia mara tatu.

Jibu likiangukia kati ya 9 na 10, tazama mwaka: Uingereza ilishusha madini ya fedha katika sarafu zake hadi 50% mwaka 1920, ikaiondoa 1947.