Kusanidi keneli ya Linux: chomeka vifaa kwanza

Ukiwa Nachingwea au Newala, huenda intaneti ya kompyuta yako inatoka kwenye simu kwa waya wa USB. Keneli (kiini cha Linux) uliyoijenga ikikosa draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya simu hiyo, mashine itawaka vizuri tu, ila hutashusha hata faili moja la kuirekebishia. Basi kabla ya amri yoyote chomeka simu na uiwashie kugawa intaneti, chomeka modemu, flashi, printa, hata kipanya cha kuazima. `make localmodconfig` hutazama moduli (vipande vya keneli vinavyopakiwa vikihitajika) zinazotumika saa hiyo na kuzizima nyingine. Kifaa kilichobaki kabatini hakihesabiwi.

Shusha chanzo (msimbo) cha keneli kwa `wget -c`, ili bando likiisha njiani uendelee ulipoishia. Fungua kifurushi, ingia kwenye folda yake, kisha:

```
make mrproper
make localmodconfig
make menuconfig
```

Maswali yakija, bonyeza Enter. Usirudie `mrproper` baadaye, inafuta `.config`, faili lenye chaguo zako.

Kwenye menyu, `/` hutafuta jina. Nyota maana yake draiva imo ndani ya keneli. M ni moduli ya pembeni. Wengi hukwama hapa. Kama hutumii initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye RAM kabla ya diski kusomwa), `EXT4_FS` na draiva za diski (`SATA_AHCI` pamoja na `BLK_DEV_SD`, au `BLK_DEV_NVME`) lazima ziwe na nyota. Zikiwa M, keneli itazitafuta ndani ya diski ambayo bado haiwezi kuisoma. `DEVTMPFS` na `DEVTMPFS_MOUNT` nazo zipe nyota. `USB_NET_RNDIS_HOST`, ya simu nyingi za Android, M inaitosha. Chagua `DEBUG_INFO_NONE`, la sivyo folda itavimba bure.

Baadaye ukiiwasha keneli mpya ikagoma kwa `unknown-block(0,0)`, haikuipata diski. Usikimbilie kulaumu draiva, soma kwanza `root=` kwenye GRUB (programu inayoanzisha keneli): bila initramfs, keneli haielewi `UUID=`; andika `PARTUUID=` au `/dev/sda2`. Ukiona `(8,2)`, diski imeonekana, kinachokosekana mara nyingi ni mfumo wa faili.

Jenga kwa `make -j$(nproc)`. Umeme ukikatika katikati, usianze upya. Ondoa mafaili matupu kwa `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, kisha rudia `make`.

Mwisho, kama root (mtumiaji mkuu), `make modules_install`, nakili `arch/x86/boot/bzImage` kwenda `/boot` kwa jina jipya, na uongeze keneli hiyo kwenye GRUB bila kugusa ya zamani. Nakili `.config` pia, toleo jipya likitoka, irudishe ndani ya folda yake na uendeshe `make olddefconfig`.