Kutoa sauti ya kompyuta kwenye spika na hedifoni kwa wakati mmoja

Amua kwanza unataka lipi: kila programu iwe na njia yake (muziki kwenye spika, mkutano kwenye hedifoni), au sauti ileile itoke kila mahali. Wengi huyachanganya haya mawili, wakaishia kusakinisha programu wasizozihitaji.

La kwanza ni jepesi. Kwenye Windows 11 fungua Settings, System, Sound, kisha "Volume mixer", na uichagulie kila programu kifaa chake. Anza kwa kuwasha wimbo au video, kwa kuwa programu iliyo kimya huenda isionekane kwenye orodha. Ikigoma kuhama, ifunge na uifungue upya.

La pili ndilo lenye kazi. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, nenda "Recording", bofya kulia mahali patupu na uchague "Show Disabled Devices". "Stereo Mix" (inayonasa sauti yote inayochezwa na kompyuta) ikijitokeza, iwashe. Ingia kwenye Properties zake, kichupo cha "Listen", weka tiki kwenye "Listen to this device", halafu chagua kifaa cha pili. Usichague kilekile ambacho Stereo Mix inanasa sauti yake, maana sauti itazunguka na kujirudia. Jambo jingine: Stereo Mix hunasa sauti ya kadi ya sauti ya ndani ya kompyuta tu, kwa hiyo kadi hiyo ndiyo iwe kifaa chako kikuu.

Kama Stereo Mix haipo kabisa, Voicemeeter Banana, programu ya kuchanganya na kugawa sauti, inatosha. Weka kifaa cha waya kwenye A1 (njia yake ya kwanza ya kutolea sauti), kwa sababu ndicho kinachoongoza mwendo wa vingine, na cha pili kwenye A2. Ifanye Voicemeeter iwe kifaa kikuu cha Windows, kisha washa vitufe vya A1 na A2 kwenye safu ya sauti inayotoka Windows.

Kwenye Mac fungua Audio MIDI Setup, bofya alama ya kujumlisha, "Create Multi-Output Device", kisha tia tiki vifaa unavyovitaka. Kifaa cha waya kiwe "Primary Device". Vilivyobaki viwekee "Drift Correction". Punguza sauti ya kila kifaa kabla ya kuvaa hedifoni, kwani vitufe vya sauti vya kibodi havitafanya kazi tena. Kwenye Linux amri moja kwenye terminali yatosha: pactl load-module module-combine-sink. Itadumu hadi utakapozima kompyuta.

Hiyo tiki ya Drift Correction usiipuuze. Kila kifaa kina saa yake ndani, na hakuna mbili zinazokwenda sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni ni milisekunde 3 kila dakika. Baada ya dakika 10 zimekuwa 30, na hapo sikio linaanza kusikia mwangwi. Vifaa vyote viweke pia kwenye kiwango kimoja cha sampuli (sample rate), tuseme Hz 48,000.

Bluetooth ina shida yake. Mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100, na huwezi kuiharakisha. Dawa ni kuchelewesha kifaa cha waya. Mipangilio ya Voicemeeter ina sehemu ya kuchelewesha kila A kwa milisekunde. Washa metronomu (programu ya kupiga mapigo sawasawa) ya mapigo 60 kwa dakika, vaa hedifoni sikio moja, sikio la pili liachie spika, kisha ongeza 10, 10 hadi "tak-tak" iwe "tak" moja.

Kama ni hedifoni mbili tu za waya, kigawanyo cha milimita 3.5 kinatosha, mradi ziwe na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinazokaribiana. Ya omu 32 ikikaa pamoja na ya 250, ya pili itasikika kwa mbali, na ukiongeza sauti unamuumiza mwenzako. Hapo tumia amplifaya ya hedifoni yenye kirekebisha sauti kwa kila tundu. Wala usikitumie kigawanyo hicho kinyume, kuunganisha kompyuta mbili kwenye spika moja: kila moja itaisukumia nyenzake umeme, na sauti itafifia au kukwaruza.