Somo: Makiato ya Kiitaliano, espreso yenye maziwa kidogo tu

Wadau, wengi mmeagiza makiato mkaletewa glasi ndefu iliyojaa maziwa. Ile ni late makiato: maziwa ya moto yaliyotiwa espreso (kahawa nzito inayokamuliwa kwa mashine yenye shinikizo) juu yake. Ninayofundisha leo ni ile ya baa za kahawa za Italia, yaani espreso moja kwenye kikombe kidogo, na maziwa yasiyozidi vijiko viwili vya chai. Kahawa ndiyo mwenye nyumba. Maziwa ni mgeni.

Hatua ya 1: Espreso. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Chukua gramu 7 za kahawa iliyosagwa laini, ishindilie sawasawa. Maji yawe na nyuzi 90 hivi, shinikizo bar 9. Ndani ya sekunde 25 upate mililita 25 hivi za kahawa nzito, yenye krema, yaani povu jembamba la kahawia, juu. Ikimwagika yote kwa sekunde 10, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida, punguza ulaini. Ikitoka mbovu, imwage uanze upya. Kwenye kapuchino makosa hufichwa na maziwa. Hapa yote yanajulikana kwa funda la kwanza.

Hatua ya 2: Maziwa. Yatoke kwenye friji, yasiwe yameondolewa mafuta. Weka ncha ya bomba la mvuke chini kidogo tu ya uso wa maziwa, usikie "tsss" fupi fupi. Kisha izamishe kidogo ili maziwa yazunguke. Jagi likishindwa kushikika kiganjani, funga mvuke: hapo ni nyuzi 60 na kitu. Yakipita 70, utamu hupungua na harufu ya maziwa yaliyochemka huja juu. Povu zuri hung'aa, halina mapovu makubwa.

Hatua ya 3: Weka kijiko cha povu katikati ya kikombe, krema ibaki imelizunguka. Inywe papo hapo. Waitaliano wengi huimaliza wamesimama kaunta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikitaka kikombe kimoja tu, napigaje povu maziwa ya kijiko kimoja?
Jibu: Haiwezekani, mvuke utayarusha yote. Piga walau mililita 100, yanayobaki tia kwenye chai. Baa hazipati shida hii kwa sababu jagi la kapuchino liko tayari muda wote.

Swali: Sina mashine, nina moka, kile kibirika cha kupikia kahawa jikoni. Naruhusiwa?
Jibu: Karibu sana. Shinikizo la moka ni dogo mno kutoa espreso kamili, lakini kahawa yake ni nzito vya kutosha. Jaza maji yasifike kwenye valvu, kahawa usiishindilie, tumia moto mdogo, epua ikianza kukoroma. Halafu tia kijiko cha maziwa baridi. Hiyo ni makiato baridi, nayo ni ya Kiitaliano kabisa, haihitaji povu.

Swali: Nasafiri kwenda Italia, niagizeje?
Jibu: Sema "caffè macchiato", ongeza "caldo" ukitaka maziwa ya moto au "freddo" ukitaka ya baridi. Ukisema "latte" peke yake utapewa maziwa matupu. Watu wa mji wa Trieste wana lao, wanaiita "capo".

Swali: Makiato niliyokunywa Addis Ababa ilikuwa na maziwa zaidi ya haya. Walikosea?
Jibu: Hapana, dada. Waitaliano waliacha mashine na mtindo huo Ethiopia na Eritrea, na wenyeji wakaukuza kwa ladha yao. Ni tamu sana, ila ukiifuata ile hutapata ladha ya somo hili.

Swali: Kahawa ya aina ya robusta ya Kagera inafaa?
Jibu: Inafaa sana. Michanganyiko mingi ya Italia ina robusta ndani yake, na ya Uganda hununuliwa kwa wingi kule. Huongeza krema na uchungu, na uchungu huo ndio kijiko cha maziwa kinaoutuliza. Anza na sehemu moja ya robusta kwa nne za kahawa ya arabika, kisha panda taratibu.