Somo: Kuziba tundu la MS17-010 kwenye Windows 7 na mashine nyingine za zamani

Dosari hii ya usalama ya Windows inajulikana kwa namba CVE-2017-0144. Microsoft walitoa kiraka chake, yaani sasisho la kuiziba, tarehe 14 Machi 2017 kwa jina la MS17-010. Mwezi mmoja baadaye, 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga mtandaoni zana ya kuishambulia, EternalBlue. Tarehe 12 Mei mnyoo wa WannaCry, programu inayojisambaza yenyewe na kufunga faili ili kudai fidia, ukapita humo humo na kuangusha kompyuta za hospitali Uingereza, za Telefónica kule Hispania na za viwanda vya Renault Ufaransa. Kutoka kiraka hadi mnyoo ni siku 59. Windows 7 zilizoanguka siku ile dawa yake ilikuwa tayari ipo, hazikuwa zimepewa tu.

Wakuu, mashine za aina hiyo bado tunazo. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, lakini nenda stesheneri yoyote, kaunta ya duka au maabara ya kompyuta ya shule, utaikuta inapiga kazi. Kama ni lazima iendelee kufanya kazi, basi angalau tundu hili lizibwe, na lizibwe kwa kuhakiki, si kwa kudhani.

Tundu lenyewe likoje

SMB ni itifaki ambayo Windows huitumia kushirikishana folda na printa, kupitia poti ya TCP 445. Toleo la kwanza, SMBv1, lilibeba mabaki ya enzi za mfumo wa OS/2. Mteja anaweza kutuma orodha ya sifa za ziada za faili kwa muundo wa OS/2, na dereva iitwayo srv.sys huigeuza iwe ya muundo wa NT. Kabla ya kugeuza, inapima nafasi itakayohitajika kwenye kumbukumbu. Ikikuta kipengele kibovu katikati ya orodha, inaikata hapo na kuandika ukubwa mpya.

Kosa liko kwenye kuandika ukubwa huo. Sehemu inayoutunza ina biti 32, lakini msimbo unaandika biti 16 za chini peke yake; 16 za juu zinabaki zilivyokuwa. Tuseme orodha imekuja na ukubwa wa 0x10000, yaani baiti 65,536, na sehemu yake iliyo nzima ni 0xFF5D, baiti 65,373. Ukubwa mpya ulipaswa kuwa huo wa pili. Kwa kuwa ile 1 ya juu haikufutwa, inasomeka 0x1FF5D, baiti 130,909. Orodha iliyokatwa imegeuka kuwa karibu mara mbili ya ilivyokuja! Ni kama karani aliyetakiwa kubadilisha 1,000 iwe 950 kwenye daftari, akaandika 950 juu ya sufuri tatu na kuiacha 1 mahali pake: sasa daftari linasema 1,950.

Nafasi imetengwa kwa kipimo cha sehemu nzima, lakini kunakili kunafuata ukubwa wa uongo. Ziada inafurika kwa jirani ndani ya kumbukumbu ya keneli (kiini cha mfumo), na mshambuliaji ameshapanga nini kikae hapo jirani. Hakuna nywila inayoulizwa, wala mtu wa kubofya kiambatisho. Mashine iwe imewashwa tu na poti 445 ipo wazi.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kuzima chochote

Anza na ukaguzi wa mtandao mzima ukiwa kwenye kompyuta nyingine yenye nmap, programu ya kuchunguza mtandao. Badilisha anwani ziendane na mtandao wako, na kagua mtandao unaousimamia wewe tu:

`nmap -p445 --script smb-vuln-ms17-010,smb-double-pulsar-backdoor 192.168.1.0/24`

Mashine yenye tundu itaandikiwa `State: VULNERABLE`. Skripti ya pili inatafuta DoublePulsar, mlango wa siri ambao EternalBlue huuacha ndani ya keneli. Mlango huo unaishi kwenye kumbukumbu tu. Ukizima na kuwasha, unapotea pamoja na ushahidi kwamba mtu alishaingia. Ndiyo maana ukaguzi unatangulia. Mashine ikionyesha DoublePulsar, usiweke kiraka ukaondoka ukidhani umemaliza. Toa data, futa diski, sakinisha upya, kwa sababu aliyeingia kwa njia hiyo alikuwa na mamlaka yote na hujui ameacha nini kingine.

Skripti ikinyamaza kuhusu mashine fulani, usishangilie. Huenda fayawoli imeizuia au SMBv1 imezimwa. Hatua ya 2 ndiyo itakayokata shauri.

Hatua ya 2: Soma toleo la srv.sys

Wengi huishia kutafuta namba ya KB (namba ambayo Microsoft hulipa kila sasisho) kwenye orodha ya masasisho. Hilo linapotosha: mashine iliyopata furushi la mwezi wa baadaye ina dawa hii ndani, lakini namba ya Machi 2017 haimo kwenye orodha. Faili lenyewe ndilo shahidi. Nenda `C:\Windows\System32\drivers`, bofya kulia `srv.sys`, fungua Properties, kisha Details, usome File version. Toleo salama ni hili au la juu yake:

Windows 7 SP1 na Server 2008 R2: 6.1.7601.23689
Windows 8.1 na Server 2012 R2: 6.3.9600.18604
Windows 10 toleo 1607 na Server 2016: 10.0.14393.953
Windows XP SP3: 5.1.2600.7208

Hatua ya 3: Weka kiraka

Fungua catalog.update.microsoft.com utafute namba inayohusu mfumo wako. Kwa Windows 7 kuna mbili: KB4012212 ni ya usalama peke yake, KB4012215 ni furushi la mwezi mzima. Kama unapakua kwa bando, chukua KB4012212, ni ndogo zaidi na kwa tundu hili inatosha. Windows 8.1 inatumia KB4012213, na XP inatumia KB4012598.

Yanayokwama hapa ni mawili. La kwanza, ujumbe kwamba sasisho halihusu kompyuta hii. Karibu kila mara ni kwa sababu Service Pack 1 haijawekwa, au umepakua ya biti 64 na mashine ni ya biti 32. Bofya kulia Computer, ingia Properties, utaona yote mawili kwenye ukurasa mmoja. La pili, kisakinishi kuganda kwenye "Searching for updates on this computer" hata saa nzima. Kifunge, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `net stop wuauserv`, kisha fungua faili la .msu ulilopakua mara moja kabla huduma hiyo haijajiwasha tena.

Ikimaliza, zima na kuwasha. Dereva ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu mpaka mashine iwashwe upya, kwa hiyo kiraka kilichosakinishwa bila kuwasha upya hakijakulinda. Rudi hatua ya 2 usome toleo tena.

Hatua ya 4: Zima SMBv1 kabisa

Kiraka kimeziba tundu moja kwenye msimbo mzee. SMBv1 yenyewe haina kazi tena kati ya Windows 7 na mashine mpya, kwa sababu zinaongea SMB 2. Kwenye Windows 7, fungua PowerShell kama msimamizi:

`Set-ItemProperty -Path "HKLM:\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Parameters" SMB1 -Type DWORD -Value 0 -Force`

Huo ni upande wa seva. Upande wa mteja unazimwa kwa amri hizi mbili:

`sc.exe config lanmanworkstation depend= bowser/mrxsmb20/nsi`
`sc.exe config mrxsmb10 start= disabled`

Ile nafasi baada ya alama ya sawasawa lazima iwepo. Na ni `sc.exe`, si `sc`, maana ndani ya PowerShell `sc` ni jina la mkato la amri nyingine kabisa. Ukikosea herufi kwenye `bowser` (ndiyo, haina r baada ya b), huduma ya Workstation haitawaka na folda zote za mtandao zitapotea. Rudia amri kwa usahihi, washa upya, zitarudi.

Windows 8.1 na 10 ni rahisi:

`Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol`

Windows 10 zilizosakinishwa upya kuanzia toleo 1709 huja bila seva ya SMBv1.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu asante kwa somo. Nimezima SMBv1, sasa mashine ya fotokopi haitumi skani kwenye folda ya kompyuta ya mapokezi. Nirudishe?

Jibu: Usirudishe bado. Ingia ukurasa wa mipangilio wa fotokopi kwa anwani yake ya IP, tazama kama kuna sehemu ya kuchagua SMBv2; nyingine hupata uwezo huo baada ya kusasishiwa programu yake ya ndani. Ikishindikana, tuma skani kwa FTP au barua pepe. Kama hakuna njia kabisa, acha SMBv1 kwenye kompyuta moja tu iliyokwisha kuwekewa kiraka, kisha fungua Windows Firewall, kwenye Inbound Rules tafuta "File and Printer Sharing (SMB-In)", ingia Scope, na kwenye Remote IP address weka anwani ya fotokopi peke yake. Fanya hivyo kwa kila sheria yenye jina hilo iliyowashwa, si moja tu. Usitengeneze sheria ya kuzuia 445 halafu nyingine ya kuruhusu: sheria ya kuzuia hushinda, na skani itagoma tena.

Swali: Sisi tuko nyuma ya ruta na hatujafungua poti yoyote. Si tuko salama tu?

Jibu: Kutoka nje, ndiyo, ruta inawakinga. Lakini WannaCry ilitafuta mawindo sehemu mbili kwa wakati mmoja: anwani za intaneti kwa kubahatisha, na mtandao wa ndani wote. Laptopu moja iliyoambukizwa kwingine ikichomekwa ofisini kwenu, ruta haioni chochote, kwa sababu mazungumzo yote yanabaki ndani.

Swali: Ndugu, Windows yangu ni ya kukreki. Nikiweka KB4012212 haitajifunga?

Jibu: Kiraka hiki hakikagui leseni. Sasisho la Windows 7 linalohusu ukaguzi huo ni KB971033, na hapa halimo. Toa nakala ya data zako kwanza hata hivyo, maana programu za kukreki hugusa faili za kuwashia mashine, na mashine iliyochezewa hivyo haitabiriki. Na kama unao uwezo wa kuhamia mfumo halali unaopata masasisho, hata Linux ya bure, hamia.

Swali: Faili zimeshageuka kuwa na mwisho wa .WNCRY na kuna dirisha la kudai dola 300. Nizime haraka?

Jibu: Hapana dada, usizime wala usiwashe upya! Chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi tu. Kwenye XP na Windows 7 namba tasa zilizotumika kutengeneza ufunguo zinaweza kuwa bado zimo kwenye kumbukumbu, na zana ya bure iitwayo wanakiwi, ya Benjamin Delpy, inaweza kuziokota na kurudisha faili. Ukizima, zimepotea. Acha pia kufungua programu nyingine, zitaandika juu yake. Ikishindikana, hifadhi diski ilivyo, kisha rudisha kutoka kwenye nakala.

Swali: Seva yetu ya faili ni Samba kwenye Ubuntu. Inahusika?

Jibu: EternalBlue haihusiki na Samba, programu inayotoa huduma ya SMB kwenye Linux; msimbo ni tofauti. Ila zima SMBv1 huko nako: kwenye `/etc/samba/smb.conf`, chini ya `[global]`, weka `server min protocol = SMB2`, kisha `sudo systemctl restart smbd`. Samba 4.11 kwenda juu tayari iko hivyo yenyewe. Mkiwa na XP yoyote ofisini itapoteza folda mara moja, kwa sababu XP inajua SMBv1 tu.